Barua ya Maombi Baada ya Akili Unde: Nani Atajulikana Bila Kujuana?

Mwezi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 ikapata waombaji zaidi ya 135,000. Kati ya matukio hayo mawili, maombi ya kazi yalihama kutoka kwenye bahasha ya kaki kwenda mtandaoni, na tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma mwezi Novemba 2022, mwombaji mwenye simu na bando hupata barua ya Kiingereza fasaha kabla chai yake haijapoa. Mjadala wetu kuhusu jambo hili umejikita katika kuuliza kama huo ni udanganyifu. Swali hilo halikosi maana, ila linaziba jingine lililo zito zaidi: barua ya maombi ilikuwa ikimweleza mwajiri nini, na isipomweleza tena kitu, mwajiri atamsikiliza nani?

Ninavyoona mimi, kadiri akili unde inavyorahisisha uandishi wa barua, ndivyo inavyoiondolea barua hiyo uzito wa ushahidi. Mwajiri asiye na njia nyingine ya kupima watu, akishaona maandishi hayamsaidii, hurudi kwa wale anaowafahamu. Atakayeumia ni kijana mwenye uwezo asiye na ndugu ndani ya ofisi. Hatari hii haijazungumzwa vya kutosha, na ndiyo inayopaswa kuongoza namna tunavyowashauri wahitimu wetu na namna tunavyowadai waajiri wabadilike.

Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alieleza kwa nini waajiri hutegemea ishara. Mwajiri haoni uwezo wa mtu siku ya kumwajiri. Anachoona ni vitu vinavyoambatana na uwezo huo, kama elimu. Ishara hufanya kazi pale tu inapomgharimu asiye na uwezo zaidi kuliko inavyomgharimu mwenye nao. Cheti kingeweza kununuliwa na kila mtu kwa bei ileile, kisingemtenganisha yeyote na mwenzake. Spence alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2001 pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz kwa kazi za aina hii, na wazo lake linatufaa hapa. Barua iliyoandikwa vizuri, ikajibu tangazo hoja kwa hoja, ilikuwa ishara kwa sababu ilidai muda, kusoma kwa makini na kuielewa kazi yenyewe. Asiyeielewa kazi alihangaika sana kuiandika, na mara nyingi hakuimaliza.

Msomaji anaweza kunipinga hapa. Barua zetu, atasema, zilikuwa za kunakili zamani. Kila steshenari iliyo karibu na chuo ilikuwa na barua iliyohifadhiwa kwenye kompyuta: inaanza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, inamtaja kijana mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo, na mchapaji anabadilisha jina, tarehe na anwani. Pingamizi hili lina ukweli mwingi. Barua ya steshenari haikuwa na ushahidi wowote, na hakuna aliyeipa uzito. Lakini unakili huo ulifanya kitu ambacho hatukukitambua: uliiacha wazi tofauti kati yake na barua ya mtu aliyefikiri. Meneja wa shirika dogo aliyepokea barua 60 aliziweka 50 kando kwa sababu zilifanana, akabaki na chache ambazo waandishi wake walionyesha kuwa wanajua shirika linafanya nini na tatizo lake ni lipi. Kilichobadilika sasa ni hizo chache. Mashine hailingani na mchapaji wa steshenari. Hulisoma tangazo, hukamata maneno yake na kuyarudisha yakiwa yamepangwa kama fikra za mwombaji. Barua zote 60 sasa zinaonekana zimeandikwa na watu waliofikiri.

Tafiti mbili zinasaidia kuona tulipo, na kwa mtazamo wa juu juu zinapingana. Wa kwanza ni wa Emma Wiles, Zanele Munyikwa na John Horton, uliotolewa mwaka 2023. Walifanya jaribio kwenye soko la kazi la mtandaoni lenye watafuta kazi karibu nusu milioni. Baadhi walipewa programu ya kusahihisha tahajia na sarufi walipokuwa wakiandika wasifu wao. Waliopewa msaada huo waliajiriwa kwa asilimia 8 zaidi, na waajiri hawakuonyesha dalili ya kujutia uteuzi wao. Wa pili ni wa Anaïs Galdin na Jesse Silbert, wa mwaka 2025, uliochunguza barua za maombi kwenye mtandao wa Freelancer. Kabla ya mashine za kuandika, waajiri walithamini barua iliyolenga kazi husika, na barua hiyo kweli ilitabiri nani angeimaliza kazi. Baada ya mashine hizo, uhusiano huo ulivunjika. Kwa makadirio ya kielelezo chao, ishara ya barua ikitoweka kabisa, wafanyakazi wa tabaka la juu kwa uwezo huajiriwa pungufu kwa asilimia 19, na wale wa tabaka la chini kabisa huajiriwa zaidi kwa asilimia 14.

Tafiti hizi hazipingani. Programu ya utafiti wa kwanza iliondoa kelele: makosa ya tahajia yasiyohusiana na uwezo wa kufanya kazi. Mashine za utafiti wa pili zimeondoa ishara yenyewe. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu, kwa kuwa mwombaji wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza hubeba kelele nyingi mno. Mhasibu aliyekulia Sumbawanga anaweza kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha bila kosa hata moja, kisha akakosa usaili kwa sababu aliandika nyakati za vitenzi vibaya katika lugha ambayo hatahitaji kuitumia na wateja wake. Kumnyima mtu huyu chombo cha kusahihisha Kiingereza kwa jina la uaminifu ni kumwadhibu kwa mfumo wa elimu asiouunda. Mimi ningemshauri akitumie bila hatia. Katibu muhtasi, kwa upande mwingine, Kiingereza chake ni sehemu ya kazi anayoiomba. Akikikopa, anaficha hasa kile mwajiri anachotaka kukijua. Hakuna kanuni moja inayofaa wote wawili, na vyuo vinavyotafuta kanuni moja ya “ruhusa” au “marufuku” vinakwepa kazi ya kufikiri.

Wapo wanaodhani tatizo litatatuliwa na programu za kugundua maandishi ya mashine. Kwa waombaji wa kwetu, dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima programu saba za aina hiyo kwa kutumia insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa kazi ya mashine, huku insha za wanafunzi wa Marekani zikipita karibu zote. Sababu yake inaeleweka: aliyejifunza lugha darasani huandika kwa msamiati wa tahadhari na miundo inayotabirika, na utabirikaji ndio programu hizo zinaoutafuta. Mhitimu wa Morogoro aliyeandika barua yake mwenyewe usiku kucha ndiye atakayeitwa mwongo.

Basi mwajiri hufanya nini akishindwa kutofautisha? Jibu halihitaji utafiti mgumu kwa yeyote aliyewahi kutafuta kazi hapa. Humpigia simu rafiki, humuuliza mfanyakazi wake kama anamjua kijana mzuri. Kile tulichozoea kukiita undugunaizesheni hakitokani na tamaa ya ndugu peke yake. Mara nyingi ni njia ya mtu mwenye haraka ya kupata taarifa anayoiamini. Kadiri maandishi yanavyopoteza uaminifu, ndivyo neno la mdomo linavyopanda thamani, na mwenye mtu wa kumshika mkono hupata faida ambayo hakuna barua itakayoishinda. Chombo kilichosifiwa kuwa kitawasawazisha watu kinaweza kuishia kuwainua waliokwisha kuinuliwa.

Ajabu ni kwamba utumishi wa umma, unaolaumiwa kila siku kwa foleni za usaili, una kinga ambayo sekta binafsi haina. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hudai barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini uzito wake haulingani na ule wa vyeti na usaili. Mwombaji hupita usaili wa mchujo, ambao ni mtihani, kwa baadhi ya kada hufanya usaili wa vitendo, ndipo hufika kwenye mahojiano. Kujaza uwanja mzima kwa mtihani kunatesa watu kwa nauli na malazi, na sitetei mateso hayo. Lakini msingi wake, kwamba mtu apimwe kwa anachokifanya mbele ya msimamizi, ni imara kuliko wa kampuni inayochuja kwa barua. Kampuni ndogo na mashirika yasiyo ya kiserikali ndiyo yaliyo wazi zaidi kwa dhoruba hii.

Kwa upande wa mwombaji, matumizi yenye manufaa zaidi ya akili unde yako mbali na barua. Tangazo la kazi la kurasa tatu lililojaa lugha ya kiutawala linaweza kufafanuliwa: majukumu ya msingi ni yapi, ni yapi yamewekwa kwa mazoea, ni maswali gani yanaweza kuulizwa. Mwombaji anaweza kujizoeza usaili kwa sauti, akaomba ahojiwe kwa ukali, akaulizwa tena pale alipojibu kwa ujumla. Kijana aliyejitolea zahanati miezi kadhaa bila cheo hujiona hana uzoefu; akiulizwa vizuri, hugundua kwamba alitunza leja ya dawa, alipokea wagonjwa, aliandaa taarifa za mwezi. Hapo mashine inauliza, naye anajibu kwa mambo aliyoyatenda. Mtoto wa afisa mwandamizi hufanyiwa mazoezi haya na baba yake mezani. Wengine hawakuwa na wa kuwafanyia. Usawazishaji wa kweli ambao chombo hiki kinaweza kuleta uko hapa.

Anayeiachia mashine wasifu wake, kinyume chake, anajiweka pabaya. Mashine hizi huongeza mambo: “alisaidia” hugeuka “aliongoza”, watu watatu hugeuka timu, na wakati mwingine hutokea takwimu ya mafanikio ambayo haikuwahi kuwepo. Matangazo ya ajira serikalini huonya wazi kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na sahihi iliyo chini ya barua ni ya mwombaji. Lipo pia suala la siri. Wasifu wa kwetu hubeba tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, namba ya simu, pamoja na majina na simu za wadhamini watatu. Anayebandika yote hayo kwenye programu ya kampuni ya nje ametoa taarifa zake, na ametoa taarifa za watu watatu ambao hawakuulizwa. Kuyafuta kabla ya kubandika ni kazi ya dakika chache.

Upande wa pili wa meza nao unatumia mashine, na historia yake haitulizi moyo. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na chombo cha kuchambua wasifu baada ya kugundua kuwa kilishusha alama za wanawake, kwa kuwa kilifunzwa kwa maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalitoka kwa wanaume. Nchini Marekani, kampuni ya Workday inakabiliwa na kesi iliyofunguliwa mwaka 2023 na Derek Mobley, anayedai programu za kampuni hiyo za mchujo ziliwabagua waombaji. Kampuni inakanusha, lakini mwaka 2025 mahakama iliruhusu madai ya ubaguzi wa umri yaendelee kwa niaba ya waombaji wengine wenye miaka 40 na zaidi. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili unde ya mwaka 2024, umeweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa.

Kwetu Afrika Mashariki msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inagusa uamuzi wa kiotomatiki. Haki hizi hazina nguvu kwa mtu asiyejua kwamba aliyemkataa alikuwa programu. Kwa hiyo ningependekeza tangazo la kazi litamke mambo mawili: kama maombi yatachujwa na mashine, na ni sehemu gani ya maombi mwombaji ameruhusiwa kusaidiwa nayo. Kisha mwajiri aiondoe barua kwenye nafasi ya hukumu aliyoipa, na badala yake aite watu 10 au 12 kwa kazi fupi ya vitendo ofisini. Mhasibu apewe taarifa ya benki yenye makosa. Mtunza ghala apewe leja na rafu za kuhesabu. Afisa mawasiliano aandike tangazo moja kwa mkono. Walioitwa walipwe nauli, kwa kuwa bila nauli jaribio hilo litakuwa la wakazi wa mjini tu, na kijana wa Sumbawanga atakuwa amefungiwa mlango mwingine.

Waajiri hulalamika kwamba utaratibu huo ni ghali. Ughali upo, lakini kampuni inayomwajiri mtu kwa barua tamu na kumwachisha baada ya muda wa majaribio imelipa zaidi, na gharama hiyo huwa haiandikwi popote. Vyuo navyo vinaweza kupunguza mzigo kwa kuwawezesha wahitimu kuondoka na mkusanyo wa kazi walizozifanya mafunzoni, zikiwa zimethibitishwa na msimamizi aliyeziona zikifanyika na anayekubali kupigiwa simu kuzieleza. Msimamizi wa aina hiyo humpa mhitimu asiye na ndugu ofisini kile ambacho wenzake walirithi: mtu wa kumsemea aliyewahi kumwona akifanya kazi.