Tambi na mchicha: mlo wa jioni wa haraka kwa familia za pwani ya Lindi

Ukitaja tambi katika nyumba nyingi za Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, kinachokuja akilini kwanza ni futari: tambi za nazi, zenye sukari na iliki, mwezi wa Ramadhani. Hizo tunazipenda na hatuna ugomvi nazo. Lakini tambi hizo hizo, zikitiwa chumvi badala ya sukari na kuchanganywa na mboga ya majani, zinakuwa chakula cha usiku kinachotosha familia nzima, na kinaiva kwa muda mfupi. Katika makala hii tunaeleza namna ya kukipika, kwa nini kina faida mwilini, na mambo gani ya kuangalia.

Kwa nini tambi, kwa nini mchicha

Tambi zimetengenezwa kwa ngano. Zinatupa nguvu na protini kiasi, lakini vitamini na madini yake ni machache. Ndiyo maana tambi zenye mafuta na chumvi pekee hushibisha bila kujenga mwili. Mchicha unaziba pengo hilo. Una madini ya chuma, kalsiamu, foleti na kiini cha vitamini A.

Jambo la pili ni moto. Maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa mbili, wakati spageti zinaiva kwa dakika 10 hivi na mchicha kwa dakika tano. Kwa anayenunua mkaa au kujaza mtungi wa gesi, tofauti hiyo inaonekana mfukoni.

Majina ya mboga sokoni huwachanganya wengi. Mchicha ni ule wenye majani laini, ya kijani au yenye wekundu, unaouzwa kwa mafungu. Ile inayoitwa spinachi, yenye majani mapana yanayong'aa na bua nene jeupe, mara nyingi ni ndugu wa bitiruti. Zote mbili zinafaa, na matembele pia. Kisamvu hakifai kwa mapishi haya ya haraka. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kuliwa.

Mahitaji kwa watu watano

- Spageti au makaroni gramu 500
- Mafungu mawili makubwa ya mchicha
- Nazi 1
- Kitunguu maji 1, nyanya 3, punje 3 za kitunguu saumu
- Mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula
- Dagaa wakavu kikombe 1, au kamba robo kilo, au korosho kikombe 1
- Ndimu 1, chumvi, na pilipili kwa anayependa

Namna ya kupika kwa jiko moja

1. Kuna nazi. Kamua tui zito na uliweke kando, kisha kamua tui jepesi.

2. Chambua mchicha, uoshe kwa maji safi mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, ndipo uukate. Ukikata kwanza na kuosha baadaye, sehemu ya vitamini inakwenda na maji.

3. Chemsha maji kama lita tatu na utie chumvi kidogo. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, usiongeze. Maji yakitokota sana, weka tambi na ukoroge dakika mbili za mwanzo ili zisishikane. Zionje baada ya dakika nane: zikiwa laini lakini bado zina ukakamavu kidogo, epua. Chota kikombe kimoja cha maji yake, kisha chuja. Tambi usizioshe.

4. Kaanga kitunguu maji hadi kilainike, tia kitunguu saumu, kisha nyanya. Nyanya zikishaiva na kuwa rojo, weka kitoweo chako. Dagaa waondolewe vichwa na kuoshwa kwa maji ya moto kwanza. Kamba wamenywe, na wapikwe mpaka wabadilike rangi kabisa. Korosho zitwangwe kwenye kinu mpaka ziwe unga.

5. Mimina tui jepesi, lichemke dakika tano. Tia mchicha na uuache wazi bila kufunika kwa dakika tatu hadi tano.

6. Punguza moto, tia tui zito na uendelee kukoroga ili lisikatike. Weka tambi, geuza taratibu, na ukiona mchuzi umekuwa mzito mno ongeza yale maji uliyochota. Epua, kamulia ndimu, pakua.

Ndimu na chai vina uzito wake

Tafiti za afya za kitaifa zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina mchango wake, na chakula kina mchango wake. Wengi wetu tunaambiwa "kula mchicha, uongeze damu", na ni kweli kwa kiasi. Chuma cha kwenye majani hakifyonzwi kwa urahisi kama cha samaki au nyama, na mchicha wenyewe una kemikali inayokizuia.

Njia za kukisaidia zipo jikoni. Vitamini C ya ndimu na nyanya huusaidia mwili kufyonza chuma hicho. Samaki, dagaa au kamba katika sahani hiyo hiyo husaidia pia. Mafuta ya tui husaidia mwili kupata vitamini A. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, hivyo isubiri walau saa moja. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki kwa sababu anakula mboga. Vyote viwili vinahitajika.

Watoto na kiporo

Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya maziwa ya mama tu. Akitimiza miezi sita anaweza kuonjeshwa chakula hiki kikiwa kimepondwa, bila pilipili na bila chumvi ya kuongezwa. Mtoto mdogo asipewe korosho nzima, kwani inaweza kumpalia. Akipewa korosho iliyotwangwa kwa mara ya kwanza, ianze kidogo, na akivimba au kupumua kwa shida awahishwe kituo cha afya.

Kwa joto la pwani yetu, chakula cha nazi huchacha upesi. Pika kinachotosha usiku huo. Kama huna jokofu, usikiache kwenye sufuria hadi asubuhi. Ukitaka kubakiza, bakiza tambi kavu kwenye pakiti na mchicha ambao haujapikwa, kesho uanze upya.

Mvua zikikatika na mchicha ukipanda bei, fungu moja linaweza kuchanganywa na matembele au majani ya maboga, na mapishi yakabaki yale yale. Majani ya maboga hukaa jikoni dakika chache zaidi, basi yatangulie sufuriani.