MRI ya Goti: Tuiite Kipimo au Picha?

Shangazi yangu ni fundi cherehani huko Tanga, na mguu wake wa kulia ndio unaosukuma pedeli. Goti la mguu huo lilipoanza kumuuma, majirani wote walimpa ushauri mmoja: "Kapime MRI." Tukachanga, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akarudi na bahasha kubwa ya kaki yenye picha na karatasi ya Kiingereza. Nikamsomea, nikamfasiria harakaharaka: gegedu la goti limechanika. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, kitu kikichanika si hushonwa? Mbona wamenirudisha bila kunishona?"

Sikuwa na jibu. Baadaye ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumepotezwa na maneno mawili: la majirani, "kupima", na langu, "kuchanika".

Tuanze na jina lenyewe. Katika herufi MRI, ya kwanza ni sumaku na ya mwisho ni upigaji picha. Ya katikati, "resonance", ndiyo inayowatoa jasho wafasiri. Mwili wetu umejaa maji, na maji yana hidrojeni. Kiini cha kila atomu ya hidrojeni ni kama kisumaku kidogo. Mgonjwa akiingizwa kwenye mashine ya tesla 1.5, yaani nguvu ya sumaku ipatayo mara 30,000 ya ile ya dunia, visumaku hivyo hufuata mwelekeo wake. Kisha hupelekewa mawimbi ya redio ya takriban megahezi 64. Kwa nini 64? Mtoto aliye kwenye bembea ukimsukuma kwa kufuata mdundo wa bembea, hupanda juu. Ukisukuma ovyo, hapandi. Hidrojeni nayo huitikia mdundo wake tu. Mawimbi yakizimwa, hurudisha ishara, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha.

Ndiyo maana napenda tafsiri ya "upigaji picha kwa mwangwi wa sumaku". Mwangwi hausemi habari ya kuchagua mdundo, hilo nakiri, lakini unasema habari ya wito na jibu, kama mtu aliyeita kisimani akasikia sauti ikimrudia. Hapo mwanzo jina la Kiingereza lilikuwa na neno "nyuklia" pia. Hospitali zikaliacha kwa kuwa wagonjwa walifikiria mabomu, ingawa mashine hii haina hata mionzi ya eksirei. Kwa Kiswahili hofu hiyo isingezuka, kwani kiini tunacho hata kwenye yai. Paul Lauterbur, aliyechapisha picha za kwanza za namna hii mwaka 1973 na kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003 na Peter Mansfield, alibuni jina lake kutoka neno la Kigiriki linalohusu nira. Halikushika. Istilahi huamuliwa na midomo ya watu, na midomo yetu imeshachagua "MRI".

Basi herufi na zibaki. Ninachogombania ni neno linalotangulia. Tunasema "kipimo cha malaria" na "kipimo cha sukari", na kipimo hutoa jibu: unao au huna, kiasi fulani. MRI ni picha. Huonyesha umbo la gegedu, kano na mfupa, wala haipimi maumivu. Huko Framingham, Marekani, watafiti waliwapiga picha hizi watu 991 wa miaka 50 hadi 90, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya waliokutwa na gegedu lililochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wa goti katika mwezi uliotangulia. Picha zao zilifanana na ya shangazi, na wao walikuwa wakitembea zao.

Kwa hiyo kabla ya kuchanga pesa, muulize daktari: majibu ya picha yatabadilisha matibabu yangu? Kuna magoti ambayo jibu lake ni ndiyo. Kijana aliyejipinda uwanjani, akasikia "ta!" na goti likavimba palepale, huenda amekata kano ya msalaba, na picha itasaidia kupanga upasuaji. Goti lililokwama, lisilonyooka kabisa, nalo linastahili picha mapema. Goti lenye joto, lililovimba, pamoja na homa, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, maana hapo maji ya goti huvutwa kwa sindano kwanza. Lakini mtu mzima ambaye goti limemuuma polepole, bila kuanguka, kwa kawaida huanza na mikono ya daktari, na ikibidi eksirei inayopigwa akiwa amesimama.

Sasa neno langu. Kila goti lina magegedu mawili membamba yanayotuliza uzito kati ya mifupa. Jina la kitabibu la gegedu hilo, menisko, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mwezi mdogo. Sisi tungeweza kuliita gegedu hilali. Hilali ya kijana huchanika kwa ghafla, na pengine hushonwa kweli. Hilali ya mtu wa makamo hulika taratibu. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wagonjwa 146 wenye gegedu la namna hiyo. Baadhi walipunguzwa sehemu iliyoharibika. Wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, bila kujua, gegedu likaachwa lilivyo. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana. Hali hiyo inastahili jina lake: kuchakaa.

Nilirudi Tanga nikamwambia, "Shangazi, nilikosea. Halikuchanika, limechakaa." Wakati huo alikuwa ameshaanza mazoezi ya misuli ya paja aliyofundishwa na daktari wa zamu, yule ambaye kwa mara ya kwanza alilikunja goti lake kwa mikono. Hakushangaa. Alivuta kanga kuukuu kutoka kwenye rundo la viraka, akainyoosha kwenye mwanga wa dirisha hadi nikaona vidole vyake upande wa pili.

"Hii nayo ukiishona," alisema, "uzi wenyewe ndio unaoipasua."