Saa za Kusahihisha Hazimo kwenye Ratiba

Semina za walimu kazini hulichukulia suala la muda kama suala la tabia: mwalimu awahi, apange kazi zake, apunguze soga ofisini. Ushauri huo si mbaya, ila unaikwepa hesabu. Katika shule za msingi Tanzania, kuanzia darasa la tatu, kipindi ni dakika 40, na uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tuseme kila daftari la zoezi la hisabati lichukue dakika mbili tu. Madaftari 45 yanakula dakika 90, zaidi ya vipindi viwili. Tangu utekelezaji wa elimu bila ada uanze Januari 2016, darasa la watoto 90 halimshangazi mtu. Hapo zoezi lilelile linadai saa tatu. Bado mwalimu hajagusa mkondo wa pili, andalio la somo la kesho, wala zamu ya wiki.

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 kuhusu utoaji wa huduma ulibaini kwamba karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini hawakuwa darasani walipotembelewa, ingawa wengi wao walikuwapo shuleni. Wasomaji wengi waliona uzembe. Uzembe upo, na hakuna sababu ya kuuficha. Lakini mwalimu aliyepo shuleni asiingie darasani anatulazimu kuuliza ratiba imempa saa gani ya kusahihisha. Jibu ni kwamba haijampa. Ratiba hupanga vipindi tu. Kazi iliyobaki huachiwa jioni, kwenye nyumba ambayo nayo ina mapishi na wagonjwa wake. Anayeshindwa kuibeba huko huichota kutoka kwenye kipindi, na wanaolipa ni watoto.

Kwa hiyo mwalimu ana uamuzi mmoja wa kweli: kipi asikisahihishe. Mazoezi ya majibu mafupi wanafunzi wanaweza kubadilishana madaftari na kusahihishiana, majibu yakiwa ubaoni. Insha ndiyo inayostahili kalamu nyekundu ya mwalimu, tena kwa zamu, safu moja ya madawati kila wiki. Kuna watakaopinga wakisema kwamba wathibiti ubora wa shule wanataka kuona alama ya vema kila ukurasa. Alama iliyopigwa bila kusoma ina faida gani kwa mtoto?

Mengine hayako mikononi mwa mwalimu. Kunakili upya azimio la kazi kila mwaka wakati muhtasari haujabadilika ni kazi ya karani. Walimu wakuu wanaopanga ratiba za muhula ujao waandike humo vipindi vya kusahihisha, wavihesabu kuwa mzigo wa kazi, na wasiviguse kwa vikao vya dharura.