Sainasi: miaka 375 ya kutafuta njia ya kamasi

"Sainasi ukipasuliwa inarudi." Kauli hiyo utaisikia stendi ya Mikumi na hata kwenye foleni ya zahanati, na imewafanya wengi wajifukize na kumeza vidonge vya mafua mwaka hadi mwaka. Haikuzuka hivi hivi.

Mwaka 2026 inatimia miaka 375 tangu Nathaniel Highmore, daktari wa Sherborne, Uingereza, achapishe kitabu chake cha maumbile ya mwili mwaka 1651. Leonardo da Vinci alikwisha kulichora pango la ndani ya shavu, yaani sainasi yenyewe, tangu 1489, lakini Highmore ndiye aliyelipa umaarufu, kwa kisa cha mgonjwa wake. Mwanamke huyo aling'olewa jino la juu, majimaji yakawa yanachuruzika bila kukoma. Akachukua sindano ya fedha, akaitumbukiza kwenye shimo la jino. Ikazama karibu na jicho. Hakutosheka. Akanyonyoa unyoya, akausukuma, ukaingia karibu wote, naye akaingiwa na hofu kwamba amegusa ubongo. Kumbe unyoya ulikuwa unajizungusha ndani ya pango tupu, na Highmore akamtuliza kwa kumweleza maumbile ya pango hilo.

George Caldwell wa New York (1893) na Henri Luc wa Paris (1897) wakaja na upasuaji unaobeba majina yao hadi leo. Walipasua chini ya mdomo wa juu, wakatoboa mfupa, wakakwangua utando wote, kisha wakafungua tundu la chini kuelekea puani. Mashavu yalivimba, wengine wakabaki na ganzi ya meno, na wapo ambao ugonjwa uliwarudia. Kauli ya stendi ina mizizi hapo.

Kosa lilionekana wazi kwa kazi ya Walter Messerklinger wa Graz, Austria: vinyweleo vya ndani ya pango husukuma kamasi kuelekea mlango wa asili ulio juu, hata ukitoboa chini. Kitabu chake kilitoka 1978, na tangu miaka ya 1980 kamera nyembamba hupita tunduni mwa pua, daktari akazibua mlango ule ule na kuuacha utando.

Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, upasuaji huo wa kamera unafanyika. Lakini kisu ni nusu ya tiba. Magamba ya damu huondolewa kliniki wiki zinazofuata, la sivyo makovu huziba njia upya. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300. Nani atalipa nauli mara tatu kwa huduma ya dakika chache? Wizara ya Afya ilete huduma za mkoba za masikio, pua na koo Kilosa na Mikumi.

Nawe uliyepasuliwa, usipenge kamasi wala kubeba mzigo mzito hadi daktari akuruhusu. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Ukishaambiwa uanze kuosha pua, chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, tia kijiko kidogo cha chumvi. Na siku ya kliniki usiikose.