Michezo ya mapigano kwa watu wenye ulemavu wa akili

Michezo ya mapigano kwa watu wenye ulemavu wa akili ni mazoezi na mashindano ya judo, karate, taekwondo, ndondi na michezo mingine ya aina hiyo yanayofanywa na watu ambao uwezo wao wa kuelewa, kujifunza na kujitegemea umekuwa chini sana ya wastani tangu utotoni. Kati ya michezo hiyo, judo ndiyo iliyokubaliwa zaidi na mashirika ya kimataifa. Ndondi na mapigano mchanganyiko (MMA) bado vinapingwa na wengi, na upinzani huo una sababu za kitabibu pamoja na sababu za kimazoea tu.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, ingawa watu wengi huchanganya maneno hayo mawili. Mtu mwenye sindromu ya Down, kwa mfano, amezaliwa na kromosomu ya 21 iliyozidi. Hajaugua, wala hatapona.

Special Olympics na judo

Shirika la Special Olympics lilianzishwa na Eunice Kennedy Shriver, na michezo yake ya kwanza ilifanyika Chicago, Marekani, mnamo Julai 1968. Kwa miaka mingi kanuni zake zimekataza ndondi, mieleka na sanaa za mapigano kwa jumla, isipokuwa judo. Huenda msomaji akashangaa kwa nini mchezo wa kumwangusha mtu chini uruhusiwe wakati mieleka imekataliwa.

Jibu liko katika namna judo yenyewe inavyofundishwa. Jigoro Kano, aliyeanzisha shule ya Kodokan huko Tokyo mwaka 1882, aliweka kuanguka salama kuwa somo la mwanzo. Mwanafunzi hujifunza kupiga mkeka kwa mkono ili kupunguza mshtuko na kuingiza kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini. Hujifunza pia kugonga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili kuwa ishara ya kukubali kushindwa. Hakuna ngumi wala teke katika pambano. Kisha kuna utaratibu usiobadilika wa kuinama kabla na baada ya kushikana. Kwa mtu anayechanganyikiwa mambo yanapobadilika ghafla, kujua kila mara kitakachofuata ni msaada mkubwa.

Katika mashindano wachezaji hawapangwi kwa jinsia, umri na uzito peke yake, kama ilivyo kwa wengine. Hupangwa pia kwa uwezo, katika ngazi tano: ngazi ya kwanza ni ya wale wanaocheza karibu sawa na mwanajudo wa kawaida, na ya tano ni ya wale wanaohitaji msaada mwingi. Makocha na waamuzi huwatazama kwanza mkekani kabla ya kupanga nani akutane na nani. Kukaba koo na kukunja viungo vya mkono hakuruhusiwi, na mchezaji asiyeweza kusimama vizuri anaweza kuanza pambano akiwa amepiga magoti. Judo ilikuwa miongoni mwa michezo iliyochezwa katika michezo ya dunia ya Special Olympics huko Abu Dhabi mwaka 2019 na Berlin mwaka 2023.

Karate, taekwondo na Paralimpiki

Karate na taekwondo zimechukua njia nyingine. Badala ya kupigana, mchezaji huonyesha mfululizo wa mbinu akiwa peke yake, unaoitwa kata katika karate na poomsae katika taekwondo, na majaji humpa alama. Mwaka 2014 huko Bremen, Ujerumani, medali za karate ya walemavu zilishindaniwa katika mashindano ya dunia ya Shirikisho la Karate Duniani, wenye ulemavu wa akili wakiwa mojawapo ya makundi.

Katika Paralimpiki mlango umefungwa. Judo ya huko ni ya wenye ulemavu wa kuona tu, na taekwondo iliyoanza Tokyo ni ya wenye ulemavu wa mikono. Wenye ulemavu wa akili walitolewa katika Paralimpiki yote baada ya michezo ya Sydney ya mwaka 2000, ilipogunduliwa kwamba wachezaji 10 kati ya 12 wa timu ya Hispania iliyotwaa dhahabu ya mpira wa kikapu hawakuwa na ulemavu wowote. Walirudishwa London mwaka 2012 katika riadha, kuogelea na tenisi ya meza. Kwa maneno mengine, udanganyifu wa watu wasio walemavu uliwafungia walemavu kwa miaka 12.

Hatari za kiafya

Hatari inayojulikana zaidi inahusu shingo. Watu wenye sindromu ya Down huwa na kano zilizolegea, na kwa baadhi yao pingili mbili za juu za uti wa mgongo, atlasi na aksisi, hazishikani vizuri. Shingo ikikunjwa kwa nguvu, uti wa mgongo unaweza kubanwa na mtu akapooza. Kutokana na hilo, mwaka 1983 Special Olympics ilianza kudai picha ya eksirei ya shingo kwa wachezaji hao. Baadaye mkazo ulihamia kwenye uchunguzi wa dalili za neva, kwa kuwa eksirei haitabiri vizuri ni nani atakayeumia. Dalili za kuangaliwa ni mabadiliko ya mwendo, udhaifu wa mikono au miguu, maumivu ya shingo na kushindwa kuzuia mkojo.

Kifafa nacho huonekana zaidi kwa watu wenye ulemavu wa akili kuliko kwa wengine. Tena watu wenye sindromu ya Down hupata ugonjwa wa Alzheimer mapema, na ndiyo sababu mapigo ya kichwa ya mara kwa mara hayafai kuchukuliwa kirahisi. Zaidi ya hayo, aliyepata mtikisiko wa ubongo anaweza kushindwa kueleza anavyojisikia. Kocha asiyemfahamu hataona tofauti.

Haki ya kuamua

Kesi iliyojulikana sana ni ya Garrett Holeve, kijana wa Florida mwenye sindromu ya Down aliyefanya mazoezi ya MMA. Mnamo Agosti 2013 alitarajiwa kupigana na mtu mwenye mtindio wa ubongo, lakini mamlaka ya jimbo ilizuia pambano hilo. Wapiganaji hao wawili walikwenda mahakamani wakidai kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu.

Swali lililobaki ni la ridhaa: je, mtu huyu anaelewa kwamba anaweza kuumia, na anaweza kusema hapana? Mwaka 1972 Mmarekani Robert Perske aliandika kuhusu heshima iliyomo katika kuruhusiwa kukabili hatari, akisema kumlinda mtu kupita kiasi ni kumnyima utu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 12 usawa wao mbele ya sheria, na katika ibara ya 30 haki ya kushiriki michezo. Hautaji mchezo wowote wa mapigano. Kwa hiyo katika klabu nyingi uamuzi huangukia kwa wazazi, daktari na kocha, na mchezaji mwenyewe ndiye anayeulizwa mwisho.