Kalavati si Kivuko

Kalavati ni tundu linalojengwa chini ya njia ili maji yapite upande wa pili bila kuikata. Huwa bomba la zege, bomba la bati la mikunjo, au boksi la zege la pembe nne. Katika vilima vya Nyakahanga wilayani Karagwe, na vya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, nyumba nyingi hukaa ubavuni mwa kilima, barabara ikiwa juu na bonde la mafunjo chini. Mwenye gari, pikipiki au baiskeli iliyopakia mikungu ya ndizi hafiki uani kwake bila kuvuka mtaro wa barabara. Hapo ndipo huwekwa kalavati, na hapo ndipo neno lisilolifaa lilipojipenyeza: kivuko.

Neno hilo sasa limejaa kwenye barua za maombi na mihtasari ya mikutano ya vijiji, ambako husomwa habari za "vivuko vya kuingia majumbani". Umbo lake halina kosa. Kitenzi vuka kikipewa kiambishi ki- na kiishio -o huzaa mahali au chombo cha kuvukia, kama funika ilivyozaa kifuniko. Lakini anayevuka ni nani? Ni mtu, ng'ombe na gari. Maji hayavuki, maji hupita. Kivuko basi hutaja mwenye nyumba na kuyasahau maji, ilhali kama si maji, tundu lisingekuwapo. Tena neno lenyewe lina kazi nyingine ya siku nyingi. Wasafiri wa Kanda ya Ziwa walipanga foleni miaka na miaka kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Kuita kwa jina hilohilo bomba la zege lililofukiwa mbele ya geti ni kuunyima usafiri wa majini neno lake bila sababu.

Wapo walioona kasoro hiyo wakatibu kwa kasoro kubwa zaidi. Kijidaraja ndiyo tiba ya kwanza. Daraja ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngazi au cheo, na Kiswahili kililipa kazi ya kuunganisha kingo mbili. Kiambishi kiji- hulidunisha tu, hakibadilishi aina yake. Kalavati halikuzaliwa daraja likadumaa. Daraja hubeba mzigo kwa sakafu na nguzo zake. Kalavati limefukiwa, na udongo ulioshindiliwa ubavuni na juu yake hubeba mzigo pamoja nalo. Ni kweli kwamba Wamarekani, katika ukaguzi wa barabara zao, hutenga daraja kwa kipimo cha urefu wa futi 20, yaani mita 6 na kitu, lakini huo ni mpaka wa karani. Mpaka wa fundi ni udongo.

Tiba ya pili, kipitishamaji, imetoka kwa mtunzi mmoja mwenye wasomaji wengi kuliko hoja zake. Bomba la sinki hupitisha maji. Mfereji wa shambani hupitisha maji. Kinachokosekana ni ile njia ya juu, na bila njia hiyo hakuna kalavati.

Linabaki kalavati lenyewe, ambalo kosa lake pekee, kwa maneno ya wanaolikataa, ni kwamba limetoka Uingereza. Etimolojia haiwasaidii. Neno la Kiingereza lililolizaa halina ukoo unaojulikana: lilijitokeza kwenye maandishi katika karne ya 18, wakati wa uchimbaji wa mifereji ya mashua, na wanaleksikografia wao wamebaki kubahatisha, huyu akilihusisha na kitenzi cha Kifaransa cha kutiririka, yule akidhani ni jina la mtu. Neno lisilo na kwao halimdai mtu kodi. Kiswahili kililipokea kwa kanuni zake: konsonanti zilizoshikana zikatenganishwa kwa irabu, mwisho ukafungwa kwa i kama wa shati, koti na sketi, na ngeli ikapatikana bila ugomvi, kalavati hili, makalavati haya. Matamshi ya karavati, yanayosikika sana Karagwe ambako l na r hupeana zamu, hayahitaji tahajia yake. Hoja ya kulibakiza kalavati imekwisha kufikishwa kwenye kamati zaidi ya moja za istilahi. Ilipokewa kwa shukrani na kufungiwa kabatini.

Faida ya neno sahihi huonekana kalavati linapochoka. Halichoki kwa namna moja. Mara nyingi maungio ya mabomba huachana, maji yakaanza kunyonya udongo kupitia ufa, na juu ya njia kikatokea kishimo cha upana wa kiganja ambacho watoto hukijaza mawe. Mvua za masika zikija, mawe huzama na tairi hufuata. Upande wa juu, tope na mabua ya mafunjo huziba mdomo. Maji hugeuka na kula njia. Upande wa chini, kasi ya maji huchimba shimo, na bomba likabaki linaning'inia. Kwa mtu hilo ni hatari ndogo. Kwa kambare, ambaye hupanda na mafuriko kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji, ni ukuta. Fundi aliyeagizwa kivuko kipya hutazama tairi. Aliyeagizwa kalavati jipya huuliza kipenyo, mteremko na kina cha kulalia.

Maombi yenyewe yanataka uangalifu wa kitenzi pia. Kukarabati ni kuziba ufa na kuzibua mdomo. Kubadilisha ni kutoa la zamani na kuweka jingine mahali pake, kazi inayogusa kingo na maji, na anayeandika la kwanza huku akikusudia la pili hujitafutia zuio. Na bonde la mafunjo likitajwa, ardhioevu, istilahi nzuri kwa bahati, huandikwa neno moja.

Kuhusu matumizi: barua hupitia kwa mtendaji wa kijiji na kwenda kwa mwenye barabara, TARURA kwa barabara za wilaya na vijiji, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, ambazo hifadhi yake ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Nakala huenda kwa afisa mazingira wa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, nyingine hizo, kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kazi ikigusa chanzo cha maji, huulizwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kichwa cha barua: "Maombi ya kibali cha kubadilisha kalavati la njia ya kuingilia nyumbani", kisha kipenyo cha la zamani, kipenyo cha jipya, na umbali kutoka mafunjo.