Ploti ya mteremko si lazima isawazishwe: funzo la nyumba za Rokko

Mtu akinunua ploti ya mteremko, iwe Rabai, Wundanyi au kando ya mkono wa bahari, ushauri wa kwanza anaopewa huwa ni kukodi tingatinga. Kata kilima, sukuma udongo upande wa chini, pata uwanja tambarare, kisha ujenge nyumba ile ile ambayo ungeijenga kwingine. Aghalabu hasara ya ushauri huu haionekani siku ya kuhamia. Huonekana mvua zikija, udongo uliojazwa unapoanza kutitia, nyumba ikapasuka kuanzia pembe ya chini.

Iko njia nyingine, nayo ni kuuacha mteremko uamue umbo la nyumba. Mfano wake unaojulikana sana uko Kobe, Japani, chini ya mlima Rokko.

Mwaka wa 1978 msanifu majengo Tadao Ando alipewa kazi ya kuchora nyumba za makazi mahali hapo. Ando alizaliwa Osaka mwaka wa 1941, akawahi kuwa bondia, na usanifu alijifunza mwenyewe kwa kusoma na kusafiri. Sehemu iliyokuwa imekusudiwa kujengwa ilikuwa ile tambarare, chini. Yeye akavutiwa na genge lililokuwa nyuma yake, lenye mteremko wa nyuzi 60, akapendekeza nyumba zipandishwe huko.

Ngazi ya kawaida ya nyumbani huwa na nyuzi thelathini na kitu tu. Katika nyuzi 60, ukisogea mbele mita moja unapanda karibu mita 1.7. Hapo huendi kwa miguu pekee. Utashika na mikono.

Jengo la kwanza, lenye nyumba 20, lilimalizika mwaka wa 1983. Ando hakulisimamisha juu ya mlima, alilizamisha ndani yake. Vyumba vya zege vinapanda kimoja nyuma ya kingine kama ngazi, na paa la nyumba ya chini ndilo baraza la aliye juu. Mlima haukukatika sawasawa, kwa hiyo nyumba nazo hazikutoka sawasawa: ukubwa na mpangilio hutofautiana kutoka moja hadi nyingine. Zote zinatazama bandari na ghuba ya Osaka, na hakuna anayemzibia mwenzake upepo. Kati ya nyumba yaliachwa mapengo ya ngazi, mwanga na hewa, kwa sababu chumba kilichoegemea udongo hakina dirisha la nyuma. Hilo ni jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati zege limeshakauka.

Awamu ya pili, yenye nyumba 50, ilikamilika mwaka wa 1993 pembeni ya ile ya kwanza. Miaka miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko kubwa liliipiga Kobe na zaidi ya watu 6,000 wakafa. Nyumba za Rokko zilibaki zimesimama mlimani. Ando alitunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka huo huo, na fedha zake, dola 100,000, akazitoa kwa watoto walioachwa yatima na tetemeko.

Wengi wakiona picha za Rokko hudhani kazi yenyewe ni zege. Mimi naona kazi ilikuwa udongo na maji. Mlima ukiukata, ile sehemu iliyokuwa ikizuiwa na udongo ulioondoa inataka kushuka, na lazima kitu kingine kiizuie. Ukuta wa kuzuia udongo unaweza kuubeba udongo mkavu miaka mingi. Mvua ikinyesha, udongo ule ule unakuwa mzito, na maji yasipopata pa kutokea yanausukuma ukuta kwa nyuma. Ndiyo maana nyuma ya ukuta hujazwa kokoto, chini hulazwa bomba la kuchujia maji, na ukutani huachwa matundu. Fundi akiyaziba matundu hayo kwa plasta ili ukuta upendeze, amekuharibia.

Msingi nao hupanda kwa madaraja, kila daraja likikaa tambarare juu ya udongo ambao haujachimbuliwa. Usilaze msingi kufuata mteremko, na usiukalishe juu ya kifusi kilichomwagwa mwaka jana. Maji yanayotoka kwa jirani wa juu yakatwe na mtaro kabla hayajafika nyumbani, na mtaro huo usiishie kwenye ukuta wa jirani wa chini. Miti iliyopo iachwe kadiri inavyowezekana, maana mizizi ndiyo inayoushika udongo.

Yote haya yanahitaji kujulikana kabla ya ramani kuchorwa. Mpima ardhi atoe mistari ya mwinuko ya ploti, mhandisi apime udongo, halafu ndipo msanifu achukue kalamu. Kwetu mara nyingi hufanywa kinyume: ramani hutolewa kwenye simu, ploti ikalazimishwa kuifuata.

Sisemi tuige Rokko. Zege tupu lisilopakwa chochote, chini ya jua la Pwani, huhifadhi joto hadi usiku, na chumvi ya bahari ikizifikia nondo ndani yake huzila. Mawe yetu ya matumbawe na makuti yana hekima yake. Hata Lamu, mji mkongwe unapanda kutoka ufukoni kuelekea juu, na mitaro ya vichochoroni hushusha maji hadi baharini bila pampu.

Lipo na suala la ngazi, ambalo wasifiaji wa Rokko hulipita haraka. Nyumba ya madaraja ni tamu ukiwa na miaka thelathini. Nyanya mwenye magoti mabovu, mama aliyebeba mtungi wa gesi, mgonjwa anayehitaji kutolewa usiku, wote hupitia hapo hapo. Anayejenga kwenye mteremko na aweke angalau chumba kimoja cha kulala, choo na jiko kwenye usawa mmoja na mlango wa barabarani, hata kama barabara iko upande wa juu na sebule itabidi iwe chini.